Nipe Mji

Daejeon, ghorofa ya kumi na moja, Agosti.
Saa kumi na mbili jioni huzima kiyoyozi, kubana matumizi,
nami nimebaki na faili la Bwana Ma Deok-chul,
mpiga pasi wa Daegu, miaka sitini na mitatu,
anayedai kuvumbua upepo wa shingoni.

Dai la kwanza: utepe mgumu wa nusu duara,
betri moja, feni mbili ndogo, huvaliwa shingoni.
Naweka kando yake visikilizio vya zamani
vilivyokaa shingoni vivyo hivyo.
Naweka feni ya mkononi, ile ya kwenye vituo vya treni.
Hiki na hicho, gundi kidogo. Mtoto wa shule angeunganisha.

Ila sheria hainiulizi mimi naonaje.
Inaniamuru nimuulize mtu asiyekuwepo:
mjuzi wa kawaida wa fani.
Huyo amesoma kila hataza iliyochapishwa,
Kijapani, Kijerumani, hasahau hata mchoro,
na hajawahi kuota ndoto.
Hana mke, hana deni, hana shingo.
Namuuliza: hili ungeliona?
Naye kila mara hujibu: ningeliona.

Lakini kitendawili kikishateguliwa
hata aliyekuwa akisinzia husema, nilikijua.
Nyumba isiyo na mlango: yai, bila shaka, yai.
Nani alisema yai kabla hajaambiwa?

Dai la nne ameliandika mwenyewe, bila wakili,
sentensi moja ndefu, imejaa mikunjo,
yeye, mpiga pasi!
Kwamba matundu yasielekee usoni
bali yalale nyuzi ishirini na mbili
kufuata kibonde kilicho nyuma ya sikio,
na hewa ivutwe kutoka chini, upande wa nje.
Ukingoni, kwa penseli:
Feni ya sokoni ilikula nywele za mke wangu.
Tena upepo wa usoni hukausha macho,
na macho makavu hayaoni mkunjo wa kola.

Nimekitafuta kibonde hicho siku mbili.
Nyaraka mia mbili na kumi na nne.
Nyingine hupuliza kidevu, nyingine kisogo.
Moja ilikaribia, ikaishia kwenye taya,
wala haikusema kwa nini.

Cheon Gil-su anapita na kahawa yake ya barafu.
"Kugeuza tundu tu. Kataa, twende tukale."
Kugeuza tundu tu.

Sampuli imo ndani ya kasha la viatu.
Kanuni hazisemi niivae, hazisemi nisiivae.
Nzito. Upande wa kushoto inalia kama panya.
Kisha nyuma ya sikio, mahali
ambapo sikujua kuwa palikuwa panawaka,
pakapoa.

Nikaivua upesi.
Ubaridi si hoja. Kitu chaweza kufaa
na bado kikawa dhahiri, kama kijiko.
Nikamgeukia mjuzi wangu, safari hii kwa swali jingine.
Sikumuuliza kama angeliona.
Nilimuuliza: ungetafuta wapi,
wewe ambaye hujawahi kutoka jasho?
Kwa mara ya kwanza alinyamaza,
akapekua karatasi zake, akanyamaza tena.

Naandika, kalamu inateleza vidoleni:
dai la kwanza, la pili na la tatu, yanakataliwa.
La tano, kuhusu rangi ya zambarau,
linakataliwa bila maelezo.
La nne
nimeliacha lipumue mpaka saa tatu usiku.

Bwana Ma ametega, watu wameshindwa, anasema: nipe mji.
Anautaka mzima, miaka ishirini,
pamoja na kila shingo ipitayo ndani yake.
Mji sikumpa.
Nimempa kichochoro kimoja, upana wa kidole,
kinachopita nyuma ya sikio.
Kesho Gil-su ataniuliza sababu.
Nitamwambia ainamishe kichwa.